Taa ya shaba ikipata madoa: historia ya mng'aro uliotoka katika mawe ya kwetu

Leo tunazungumza juu ya taa za shaba, zile za rangi ya manjano zinazofanana na dhahabu. Familia nyingi zilihama na sufuria, mfuko mmoja wa nguo, na taa ya mzee. Sasa taa hizo zinafika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, watu wa mitraye kama tunavyowaita, na zinapimwa kwa kilo. Mwenye taa anaambiwa: "Mama, hii imekwisha kuoza, angalia madoa yake." Naye anakubali bei ya chuma kibovu.

Wengine hawaiuzi. Wanaipeleka nyumbani na kuisugua kwa mchanga na waya ya kuoshea sufuria mpaka rangi yote inatoka, na chini yake kinatokea chuma cheupe ambacho kesho yake kinaanza kutu. Huyu naye amepoteza, na pengine amepoteza zaidi kuliko yule aliyeuza.

Taa nyingi zenye madoa hazijaoza. Lakini ili mtu ajue afanye nini na doa, inabidi ajue mng'aro ule ulitoka wapi, kwa sababu taa zote hazikung'arishwa kwa njia moja. Hapo ndipo historia inapoingia.

Tuanze na jiwe. Waliowahi kufika Likasi, Kambove au Kolwezi wanaijua malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wanalichonga kuwa shanga na visanduku. Malakiti ni shaba iliyoshikana na hewa ya kaboni na maji kwa muda mrefu sana ardhini. Zamani kabla ya Mzungu yeyote kufika, watu wa Katanga walijua kuitoa shaba ndani ya jiwe hilo. Wakati wa kiangazi walijenga tanuru ndogo kwa udongo wa kichuguu, wakaweka malakiti na makaa ya miti, wakapuliza kwa mivukuto. Moto wa makaa uliondoa kile kilichoshikana na shaba, nayo shaba nyekundu ikatiririka chini. Waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926 na kuwaita wala shaba, jina ambalo limebaki katika vitabu mpaka leo. Wataalamu waliochimbua makaburi ya Sanga, kwenye Ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, waliikuta misalaba ya shaba imezikwa pamoja na marehemu. Ilikuwa mali, na katika sehemu nyingi ilikuwa pesa.

Nasema haya kwa sababu lile doa la kijani kwenye taa yako ni ndugu wa malakiti. Shaba ikiachwa kwenye unyevu inashika tena hewa na maji, inaanza kurudi kuwa jiwe. Kile ambacho wazee walikiondoa kwa moto na mivukuto kinarudi polepole juu ya taa iliyowekwa pembeni ya hema wakati wa mvua. Kuna jambo jema ndani yake: tabaka hilo, likiwa jembamba na limeshika vizuri, linazuia hewa isiendelee kula ndani. Ndiyo maana misalaba ile ilidumu ardhini mamia ya miaka. Chuma hakina bahati hiyo, kutu yake inabanduka na kuacha njia wazi.

Sasa, taa zetu si za shaba tupu. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, shaba, kwa madini mawili. Ile nyekundu ni shaba yenyewe. Ile ya manjano ni shaba iliyochanganywa na zinki, mara nyingi sehemu sita au saba za shaba kwa kila kumi, zinazobaki ni zinki. Hii ya manjano iliingia kwetu zaidi kwa biashara. Misafara ya pwani iliyopita Tabora na Ujiji ilileta waya za shaba, na watu wakazifanya bangili. Upande wa mto Kongo, wakati wa utawala wa Leopold wa Pili, fimbo nyembamba za shaba ya manjano zilizoitwa mitako zilikuwa pesa kamili: chakula kililipwa kwa mitako, kazi ililipwa kwa mitako. Na miaka ilivyopita, mtako ulizidi kukatwa mfupi. Hata pesa ya shaba ilijua kushuka thamani.

Bangili na fimbo hizo hazikuhitaji vanishi. Zilisuguana na ngozi na nguo kila siku, zikabaki zinang'aa. Vyombo vya nyumbani, kama zile sinia za shaba za watu wa pwani, vilisafishwa kwa kitu kichachu, ndimu au ukwaju, pamoja na majivu laini. Kitu kichachu kinayeyusha weusi, majivu yanasugua bila kuchana. Mng'aro ulikuwa kazi ya mikono, na kila mtu alijua kwamba baada ya wiki kadhaa itabidi irudiwe. Hakuna aliyeona weusi kama ugonjwa wa chombo.

Kisha mambo yakabadilika. Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ikamimina shaba yake ya kwanza. Katika miaka ya 1920 kampuni hiyo ikaanza kuchimba Kipushi, mgodi wenye shaba na zinki pamoja. Tazameni basi: wazazi wote wawili wa shaba ya manjano walikuwa katika ardhi moja, mwendo mfupi kutoka Lubumbashi. Lakini shaba ilipanda treni na meli kwenda kusafishwa Ubelgiji, Hoboken na Olen, na viwanda vya kutengeneza taa vilikuwa Ulaya na Marekani. Hakuna anayeweza kuapa kwamba shaba ya taa fulani ilitoka Kambove. Lakini sisi tulitoa madini, na taa tulinunua.

Kwa watu wa ziwa, njia ya taa hizo inajulikana. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ya Kabalo ikafika hapa, wakati mji ukiitwa Albertville, mwaka 1915. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, makubaliano ya mwaka 1921 yaliwapa Wabelgiji sehemu zao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Mizigo ikashuka melini, ikapanda reli, ikavuka ziwa. Humo mlikuwa na taa za utambi zenye kioo kirefu, vinara na taa za altare za misheni, na baadaye taa za presha, zile zinazopigwa pampu na kuunguruma usiku kucha kwenye matanga na arusi. Iliyojulikana zaidi ni Petromax ya Berlin. Jina lake limetokana na petroli na Max Graetz, mkuu wa kiwanda kilichoiunda. Tangi la taa hiyo ni shaba ya manjano, hata pale lilipopakwa madini meupe kwa juu. Ukiona manjano inachungulia kwenye tangi jeupe lililokwaruzika, umeiona shaba yenyewe.

Taa hizi za kiwandani zilileta kitu kipya ambacho wazee wa majivu na ndimu hawakukijua: vanishi. Taa ya kupambia nyumba, baada ya kung'arishwa, ilipakwa tabaka la kioevu kisicho na rangi, ili mwenye duka aiuze ikiwa inang'aa na mwenye nyumba asisugue kamwe. Mwanzoni vanishi hiyo ilitengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wa India ulioyeyushwa katika alkoli. Katika karne ya 20 zikaja vanishi za kemikali. Zilikuwa nzuri, mradi zisipasuke. Lakini vanishi ya taa inakaa karibu na moto, na moto unaikausha. Mkono wenye jasho unaacha chumvi. Kwaruzo moja la ukucha linafungua mlango, unyevu unaingia chini ya vanishi na hautoki tena. Hapo ndipo madoa yanapozaliwa: vitone vyeusi na mistari kama njia za mchwa, huku sehemu nyingine za taa bado zinang'aa.

Doa la namna hiyo linawachanganya watu sana. Unasugua kwa ndimu, halisogei. Unasugua kwa nguvu zaidi, halisogei. Si kwamba shaba imeoza. Ni kwamba wewe unasugua vanishi, na doa liko chini yake. Dawa ni kuiondoa vanishi yote ya zamani kwanza. Toa kioo, utambi na mpira wowote, mwaga petroli yote, kausha. Kisha chovya sehemu za shaba peke yake katika maji ya moto sana yenye bikarbonati, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, kwa nusu saa hivi. Mara nyingi vanishi inalegea na kutoka kama ngozi ya nyoka. Isipotoka, kitambaa chenye alkoli kinaondoa ile ya sheleki, na dawa ya kuondolea rangi ya kucha inaondoa nyingi za kisasa. Fanyeni kazi hiyo nje, mbali na jiko na mbali na mtoto, maana vyote viwili vinashika moto haraka.

Lakini kabla ya yote hayo, kuna swali moja la lazima, na hapa ndipo taa nyingi zinapokufa. Je, ni shaba ndani na nje, au ni rangi ya shaba juu ya chuma? Viwanda viligundua kwamba tabaka jembamba sana la shaba, jembamba kuliko karatasi, linatosha kukidanganya jicho. Taa nyingi za mezani zinazouzwa leo ni za namna hii. Chukua sumaku, hata ile ndogo ya ndani ya spika ya redio iliyokufa. Ikishika, chini kuna chuma. Isiposhika, bado usifurahi: kuna madini meupe mepesi ambayo sumaku haishiki. Pindua taa, kwaruza kidogo kwa ncha ya msumari chini ya kitako ambapo hapaonekani. Manjano ikiendelea ndani, ni shaba kamili. Ikitokea nyeupe, ni ngozi tu.

Taa ya ngozi haisuguliwi. Hakuna ndimu, hakuna majivu, hakuna msasa. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kipande cha kikwembe cha zamani kilicholainika, na kukausha mara moja. Madoa yake ya rangi ya kahawia yanayobanduka ni kutu ya chuma iliyotoboa kutoka chini, na hayo hayaondoki bila kuondoka na shaba yenyewe. Mimi naona ni heri kuyaacha na kupaka nta kidogo kuliko kubaki na taa ya mabaka. Na huyo mnunuzi wa mitraye akikuambia ni shaba kamili wakati anauza, na ni chuma kitupu wakati ananunua, mwonyeshe sumaku yako.

Taa ya shaba kamili, ikiwa imekwisha kuvuliwa vanishi, inarudi kwa wazee. Ndimu iliyokatwa nusu, chumvi kidogo sana, majivu yaliyochekechwa, kusugua kwa kufuata mzunguko wa taa, kuosha kwa maji mengi, kukausha vizuri. Siri iko katika muda. Ukiacha ndimu na chumvi juu ya shaba usiku mzima, utaamka na doa la rangi nyekundu hafifu, kama waridi. Hiyo ni zinki iliyoyeyuka ikatoka, ikabakiza shaba nyekundu peke yake juu. Likiwa la juujuu, kusugua kidogo kidogo kwa majivu makavu kunaliondoa. Likiwa la ndani na pale ukigusa panamomonyoka, hapo kweli taa imeliwa, na kama ni tangi la presha, lisipigwe pampu tena.

Weusi ulioenea taa nzima sawasawa ndio mwepesi kuliko yote. Ni hewa na moshi. Waliotoka Goma wameniuliza kwa nini taa zao zilikuwa zinakuwa nyeusi haraka kuliko hapa. Moshi wa Nyiragongo una kiberiti ndani yake, siyo kile cha kuwashia, ile sulfuri, na shaba inaichukia sulfuri. Moshi wa makaa katika hema lililofungwa nao hausaidii.

Jambo moja zaidi, ambalo lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, linahusu mbuzi. Jeshi la Waingereza lililokuwa India lilikuwa na risasi zenye maganda ya shaba ya manjano. Wakati wa mvua risasi ziliwekwa katika mazizi ya farasi. Mvua ilipokwisha, maganda yakakutwa yamepasuka yenyewe, hakuna aliyeyagusa. Kwa muda mrefu watu waliita ufa huo ugonjwa wa majira. Katika miaka ya 1920 mafundi wa madini walieleza kisa chake: mkojo wa wanyama unatoa amonia, ile harufu inayochoma pua, na amonia ikiipata shaba ya manjano iliyokandamizwa kiwandani, pamoja na unyevu, inaipasua kutoka ndani. Doa halitangulii sana. Kinachokuja ni ufa.

Sasa fikirini familia tano katika nyumba moja ya kupokelewa, mbuzi wamefungwa nyuma, choo karibu, na mahali pekee pa kuweka taa ni hapo nyuma. Taa ya utambi ikipata ufa, petroli inavuja na unaona. Tangi la presha likipata ufa, linapasuka wakati wa pampu, mbele ya uso wa mtu. Taa ya presha isilale na mbuzi. Hata zile dawa za dukani za kung'arisha shaba, nyingi zina amonia. Zinafaa, lakini ziondolewe kabisa kwa sabuni na maji, hasa kwenye maungio na nyuzi za skrubu, na zisiachwe zikakauka humo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye tangi: taa iliyosafishwa vizuri inamvutia mtu kuiwasha. Petroli ikikosekana, wapo wanaotia esansi ya pikipiki, au wanachanganya. Esansi inatoa mvuke unaoshika moto papo hapo, na taa inageuka bomu. Taa ikikosa petroli, ikae zima.

Baki la kazi ni kulinda. Vanishi mpya sikushauri, kwa taa inayowashwa itapasuka tena na tutarudi pale pale. Kipande cha mshumaa kilichosuguliwa kwenye kitambaa cha joto, kikapakwa tabaka jembamba kwenye kitako na mwili wa taa, kinatosha kwa miezi. Usipake karibu na utambi wala kwenye kichwa cha taa, kitayeyuka na kutoa moshi. Ukiihama nyumba tena, funga taa kwa nguo kavu, usiifunge kwa plastiki. Plastiki inafungia jasho ndani.

Nimeona pia mama mmoja hapa mjini, aliyevuka na taa ya baba mkwe wake, ambaye aliondoa kijani chote kwenye mwili lakini akakataa kugusa kitako. Pale chini kulikuwa na alama ya vidole, nyeusi, imekula ndani ya shaba, mahali ambapo mzee alikuwa akiishika kila jioni. Fundi alitaka kuimalizia. Mama akamwambia hapana, hapo paache, akalipa, akaibeba.